Kuisoma Karatasi ya Matokeo: Mtoto Mwenye Ulemavu Anayejifunza Kiingereza

Mafunzo ya watu wazima kwa redio. Maneno ya somo kama yalivyosomwa.

Chukueni daftari na kalamu, maana leo kuna hesabu kidogo.

Somo la leo lawahusu hasa wazazi wanaosema Kiswahili na wanaoishi Marekani. Wengi wao walitoka Kongo, pande za Fizi, Uvira na Bukavu, na baadhi yao walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuvuka bahari. Wengine walitoka Burundi, Kenya au Tanzania. Watoto wao wanasoma katika shule ambazo karibu kila somo hufundishwa kwa Kiingereza. Kila mwaka watoto hao hupimwa, na karatasi ya matokeo hufika nyumbani.

Mzazi huipokea karatasi hiyo, akaona tarakimu nyingi, asijue la kusema. Akiambiwa, "Mtoto wako ana ulemavu wa kujifunza," hujibu ndiyo. Akiambiwa, "Mtoto wako hana neno, ngoja tu ajue Kiingereza," hujibu ndiyo vile vile. Lakini moja ya maneno hayo laweza kuwa si kweli, na atakayelipa gharama yake ni mtoto.

Basi leo tutajifunza kuisoma karatasi hiyo. Jambo kubwa ni moja. Liandikeni juu ya ukurasa: ALAMA NDOGO HAISEMI SABABU YAKE.

Ninyi mnaojifunza kusoma katika utu uzima mwajua jambo hili kuliko watu wengi. Kabla hujajua herufi, kama mtu angekupa karatasi yenye maswali juu ya kilimo, ungepata sifuri. Je, sifuri hiyo ingekuwa na maana kwamba hujui kilimo? La. Ungeulizwa kwa mdomo, ungemfundisha muulizaji. Kipimo kilitaka kupima kilimo, kikapima kusoma. Ndivyo inavyoweza kutokea kwa mtoto anayeulizwa kwa lugha asiyoijua bado.

JAMBO LILILOTOKEA CALIFORNIA

Katika jimbo la California, mwaka 1970, wazazi walikwenda mahakamani kwa ajili ya watoto 9. Watoto hao walikuwa wa asili ya Meksiko, na nyumbani walisema Kihispania. Shule iliwapima akili kwa Kiingereza, wakapata alama za chini sana, wakawekwa katika darasa la watoto waliodhaniwa kuwa na akili pungufu. Kesi hiyo hujulikana kwa jina la Diana.

Watoto walipopimwa tena kwa lugha yao, 7 kati ya 9 walivuka mpaka uliowekwa. Watoto walikuwa ni wale wale, akili zao ni zile zile. Kilichobadilika ni lugha ya maswali. Pande mbili zikapatana kwamba tangu hapo mtoto wa namna hiyo apimwe kwa lugha yake ya kwanza pamoja na Kiingereza.

Miaka 4 baadaye, mwaka 1974, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi nyingine, ya wanafunzi waliosema Kichina katika mji wa San Francisco. Mahakama ilisema kwamba kuwapa watoto wote vitabu vile vile na walimu wale wale si kuwatendea sawa, ikiwa baadhi yao hawaelewi lugha inayotumika. Kisha mwaka 1975 ilitungwa sheria kubwa ya elimu ya watoto wenye ulemavu, na tangu mwaka 1990 sheria hiyo hujulikana kwa herufi nne: IDEA.

Sheria hiyo ina maneno mawili yanayotuhusu leo. La kwanza, mtoto apimwe kwa lugha yake na kwa namna itakayoonyesha kweli anachokijua, isipokuwa kama ni dhahiri kwamba haiwezekani. La pili, mtoto asihesabiwe kuwa na ulemavu ikiwa sababu kubwa ni kutojua Kiingereza, au ni kukosa kufundishwa ipasavyo kusoma na kuhesabu. Mtoto aliyepoteza miaka mitatu ya shule kwa sababu ya vita amekosa kufundishwa. Hilo laweza kuwa ndilo lote lililompata.

KARATASI YA KWANZA: MTIHANI WA KIINGEREZA

Sasa tuitazame karatasi yenyewe. Mtoto anayejifunza Kiingereza hupimwa Kiingereza chake kila mwaka. Majimbo hayatumii mtihani mmoja. California ina wake, Texas ina wake, New York ina wake. Majimbo mengi hutumia mtihani uitwao ACCESS, ambao kwa miaka mingi umetoa alama kuanzia 1.0 mpaka 6.0. Tarakimu iliyo mbele ya nukta ni ngazi aliyofika mtoto. Tarakimu iliyo nyuma ya nukta yaonyesha amekwenda kiasi gani ndani ya ngazi hiyo. Basi 3.5 maana yake yuko ngazi ya tatu, naye amefika katikati yake.

Mtihani huo una sehemu nne: kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika. Kisha sehemu hizo hujumlishwa kupata alama moja kubwa. Lakini hazijumlishwi kwa uzito ulio sawa. Katika hesabu ya ACCESS iliyozoeleka, kusoma huchukua 35 katika 100, kuandika 35, kusikiliza 15, na kusema 15. Kusoma na kuandika pamoja ni 70 katika 100.

Tuchukue watoto wawili wa mfano. Mmoja tumwite Rehema, na mwingine Bahati. Wote wako darasa la tano. Andikeni:

Rehema: kusikiliza 4.8, kusema 4.2, kusoma 1.9, kuandika 1.8.

Bahati: kusikiliza 2.9, kusema 2.3, kusoma 2.7, kuandika 2.6.

Tukipiga hesabu kwa uzito ule, Rehema anapata 2.6, na Bahati anapata 2.6. Hesabu yetu ni ya mfano tu, maana wapimaji hutumia kwanza mizani yenye tarakimu kubwa zaidi. Lakini njia ni hiyo. Anayetazama alama moja kubwa atasema watoto hawa ni sawa. Je, ni sawa?

La hasha. Bahati anapanda kwa miguu yote minne. Viungo vyake vyote vinne vya lugha vinakua pamoja. Rehema anasikia na kusema vizuri, lakini kusoma na kuandika kumebaki nyuma sana. Alama moja kubwa imeificha tofauti hiyo, kama kapu lililofunikwa lisivyoonyesha kama ndani mna mihogo au mahindi. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: usiitazame alama kubwa mpaka umetazama sehemu zote nne.

Kanuni ya pili: tazama miaka. Tuseme Bahati ana mwaka mmoja na nusu tu tangu aingie shule ya Marekani, na mwaka jana alipata 1.4. Amepanda kutoka 1.4 mpaka 2.6. Huyu anakwenda mbio. Tuseme Rehema ana miaka mitano, na alama yake ya kusoma imekuwa 1.7, kisha 1.8, kisha 1.9. Huyu amekwama. Wataalamu hukadiria kwamba mtoto huhitaji miaka 4 hata 7 kukijua Kiingereza cha vitabu na masomo, ingawa Kiingereza cha kuchezea uwanjani hukipata mapema zaidi. Basi Bahati asiharakishwe kuitwa mwenye ulemavu. Na Rehema asiambiwe tena, "Ngoja."

Lakini sikilizeni vizuri. Hata alama za Rehema hazisemi kwamba ana ulemavu. Zinasema tu, "Hapa pana jambo, piga hodi." Yawezekana haoni vizuri, naye anahitaji miwani. Yawezekana alifundishwa herufi haraka haraka, kwa kuwa alidhaniwa anajua. Yawezekana kweli ana ulemavu wa kusoma, ambao huwapata watoto wenye akili nyingi pia. Kazi ya alama ni kupiga hodi. Kazi ya kujua kilichomo ndani ni ya uchunguzi.

MTOTO ASIYEWEZA KUFANYA SEHEMU MOJA

Kuna watoto ambao ulemavu wao wajulikana tayari. Mtoto kiziwi hawezi kupimwa kusikiliza kama wenzake. Kama sehemu hiyo ingehesabiwa kwake, angepata alama ya chini kila mwaka mpaka amalize shule, na watu wangesema hajui Kiingereza, hata kama anakisoma na kukiandika kama mwalimu. Kanuni za Serikali ya Marekani zasema kwamba mtoto ambaye ulemavu wake unamzuia kabisa kufanya sehemu fulani, na hakuna msaada wowote unaoweza kumwezesha, apimwe kwa sehemu zilizobaki. Basi mzazi wa mtoto kiziwi atazame: sehemu ya kusikiliza imewekwaje? Imeachwa, au imehesabiwa?

Wengine huweza kufanya mtihani wakipewa msaada: maandishi makubwa, maandishi ya nukta nundu kwa asiyeona, muda zaidi, au kufanya mtihani peke yake katika chumba kitulivu. Msaada huo kwa kawaida huandikwa katika mpango wa masomo wa mtoto huyo, ambao shuleni huitwa kwa herufi tatu, IEP. Mzazi aulize: "Siku ya mtihani, mtoto wangu alipewa msaada ulioandikwa?" Kama hakupewa, alama zile zipokelewe kwa tahadhari.

Hata hivyo si kila msaada wafaa kila mahali. Mtu akimsomea mtoto habari kwa sauti katika mtihani wa kusoma, mtihani huo umekuwa wa kusikiliza. Kwa sababu hiyo, kwa kawaida jambo hilo haliruhusiwi katika sehemu ya kusoma. Huo si ukatili. Ni kutaka alama iseme kweli.

Kwa watoto wachache wenye ulemavu mzito wa akili, majimbo hutakiwa kuwa na mtihani mwingine wa Kiingereza uliotengenezwa kwa ajili yao. Alama za mtihani huo na za ule wa kawaida zisiwekwe katika mizani moja.

KARATASI YA PILI: KIPIMO CHA MTAALAMU

Shule ikishuku ulemavu, mtaalamu humpima mtoto peke yake. Karatasi yake ina tarakimu za namna nyingine. Katika vipimo vingi vya akili, 100 ni katikati. Yapata watoto 68 katika kila 100 huwa kati ya 85 na 115.

Karatasi hiyo husema pia mtoto yuko nafasi ya ngapi katika watoto 100. Hapa wengi hukosea. Mtoto aliyepata 85 huwa karibu na nafasi ya 16. Mzazi akiona 16 katika 100 hushtuka, akidhani mtoto wake amejibu maswali 16 tu. Sivyo. Maana yake ni hii: watoto 100 wa umri wake wakipangwa mstari kutoka chini kwenda juu, yeye yuko karibu na wa 16.

Lakini ulizeni swali moja tena: watoto hao 100 ni akina nani? Kama ni watoto waliozaliwa Marekani na kunyonya Kiingereza pamoja na maziwa, basi mtoto aliyetoka Nyarugusu anapimwa kwa kulinganishwa na watu ambao mwendo wao si wake. Ni kama kumshindanisha mvuvi wa Ziwa Tanganyika na mchungaji katika kukamua ng'ombe, kisha kusema mvuvi ni mvivu.

Na kuna mtego mwingine. Shule yaweza kusema, "Tulimpima kwa Kiswahili." Ni vizuri, lakini ulizeni, kwa namna gani? Kama mkalimani alikaa pembeni, akageuza maswali ya Kiingereza papo hapo, kile si kipimo kile kile tena. Neno lililo rahisi kwa Kiingereza laweza kuwa gumu kwa Kiswahili, na neno gumu likawa rahisi. Majibu ya mtoto yatasaidia kuonyesha anachokijua, lakini tarakimu haziwezi kusomwa katika jedwali lililotengenezwa kwa watoto waliopimwa kwa Kiingereza. Mtaalamu mwangalifu huandika hivyo wazi katika taarifa yake. Itafuteni sentensi hiyo. Kama haipo, iulizeni.

Tena, Kiswahili kipi? Mtoto wa Fizi huenda nyumbani anasema Kibembe, na Kiswahili chake ni cha Kongo. Mtoto wa Kinyamulenge lugha yake ya kwanza si Kiswahili. Mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Unguja aweza kumwuliza kwa maneno ambayo mtoto hajapata kuyasikia. Kwa hiyo siku ya kumwandikisha mtoto shule, ukiulizwa lugha ya nyumbani, usiseme Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachojulikana. Sema lugha ambayo mtoto huota nayo. Kama ni mbili, taja zote mbili.

MAMBO YA KWETU YANAYODHANIWA KUWA ULEMAVU

Sasa nitawapa mifano michache ambayo kila mzazi wa Kiswahili ataielewa mara moja, lakini mpimaji wa Kimarekani aweza kuikosa.

Kwanza, saa. Mpimaji amwonyesha mtoto saa ya ukutani. Mshale mfupi uko kwenye 7, mshale mrefu uko juu kabisa. Mtoto ajibu kwa Kiingereza, "Saa moja." Mpimaji aandika kosa. Mtoto hakukosa kuhesabu. Amesoma saa kama mama yake anavyoisoma.

Pili, swali la kukanusha. Mwalimu auliza, "Huna kalamu?" Mtoto ajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili maana yake ni, "Ndiyo, sina." Kwa Kiingereza mwalimu huelewa kwamba anayo. Kisha mwalimu aona mkono mtupu, adhani mtoto haelewi maswali.

Tatu, mwanamume na mwanamke. Sisi husema "yeye" kwa wote. Kiingereza kina neno la mwanamume na neno la mwanamke. Mtoto akimtaja kaka yake kwa neno la kike, hajachanganyikiwa. Lugha yake haikumfundisha kuyatenganisha.

Nne, kusoma. Katika Kiswahili kila herufi ya a, e, i, o, u ina sauti yake, nayo haigeuki. Mtoto aliyejifunza hivyo, akiona herufi c-a-m-e zimefuatana, husoma "kame." Huyo si mtoto asiyejua kusoma. Huyo anajua kusoma vizuri, kwa kanuni za lugha nyingine.

Tano, macho. Kwa watu wengi wa kwetu, mtoto kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu. Mtoto huinamisha uso. Huko Marekani, mtoto asiyetazama machoni aweza kuandikwa kwamba hasikilizi, au kwamba ana shida ya kuchangamana na watu.

Mambo haya yote ni lugha na malezi. Basi mtu atajuaje lililo lugha na lililo ulemavu? Kuna njia moja nzuri kuliko nyingi: ulemavu humfuata mtoto katika lugha zake zote. Kama mtoto anashindwa kukumbuka maagizo mawili kwa Kiingereza, mwagize kwa lugha ya nyumbani: "Nenda jikoni, niletee kikombe, kisha ufunge mlango." Akifanya yote, shida ni Kiingereza. Akisahau kila mara, ilhali mdogo wake hasahau, hapo pana jambo la kuchunguzwa. Je, alichelewa kusema alipokuwa mdogo? Aweza kukusimulia hadithi ya sungura na fisi tangu mwanzo hata mwisho? Hujifunza mchezo mpya kama wenzake? Majibu ya maswali haya hayamo katika mtihani wowote. Yamo kwako, mzazi. Nawe uyapeleke shule, hata kama shule haikukuuliza.

Katika kusoma, angalieni. Kama mtoto hakufundishwa kamwe kusoma Kiswahili, huwezi kusema ameshindwa kusoma Kiswahili. Mlinganishe na wenzake waliofika wakati mmoja naye, wenye lugha moja na shule kama zake. Kama wote wanapanda na yeye peke yake amebaki, alama hiyo ina uzito.

KOSA LA PILI NI KUNGOJA

Tumesema mengi juu ya mtoto anayeitwa mwenye ulemavu naye hanao. Lakini liko kosa jingine, nalo halina kelele. Ni mtoto mwenye ulemavu wa kweli, ambaye kila mwaka huambiwa, "Ajue Kiingereza kwanza, kisha tutaona." Miaka mitatu yapita, minne yapita. Wenzake wanasoma vitabu, yeye anajificha nyuma ya darasa. Anaanza kuchukia shule.

Sheria haisemi mtoto ajue Kiingereza kwanza. Sheria yaitaka shule iwatafute na kuwachunguza watoto wote wanaoshukiwa kuwa na ulemavu, wawe wanajua Kiingereza au hawajui. Na mtoto mwenye mahitaji mawili anastahili misaada miwili. Wanapoandika mpango wake, IEP, lazima wafikirie pia mahitaji yake ya lugha. Msiambiwe mchague, ama Kiingereza ama msaada wa ulemavu. Mtu mwenye njaa na kiu haulizwi achague chakula au maji.

MZAZI KATIKA KIKAO

Sasa mzazi afanye nini? Sikilizeni, nitasema polepole.

Mzazi yeyote aweza kuomba mtoto wake achunguzwe. Andika barua fupi, hata kwa Kiswahili, utie tarehe, ubaki na nakala yake. Sentensi mbili zatosha: "Naomba mtoto wangu achunguzwe kama ana ulemavu. Naomba achunguzwe kwa lugha yake na kwa Kiingereza." Uchunguzi huo haulipiwi na mzazi.

Shule haiwezi kuanza uchunguzi wa kwanza bila sahihi yako. Ukishatia sahihi, uchunguzi wapasa kwisha ndani ya siku 60, isipokuwa jimbo lako limeweka muda wake. Na kumbuka: kukubali mtoto achunguzwe si kukubali apewe masomo maalum. Hizo ni sahihi mbili, nawe una haki ya kufikiri kabla ya kila moja.

Katika kikao cha IEP, shule yapaswa kuchukua hatua zinazohitajika ili uelewe yanayosemwa, pamoja na kukuletea mkalimani. Usimtumie mtoto wako kuwa mkalimani. Mtoto hawezi kutafsiri hukumu inayomhusu yeye mwenyewe, na ukimtwisha mzigo huo utamwumiza.

Wakikusomea matokeo, usione haya kuuliza. Kuuliza si ujinga. Maswali ni haya matano, yaandikeni:

1. Mtoto wangu alipimwa kwa lugha gani, na nani aliyempima?

2. Kipimo hiki kilitengenezwa kwa watoto wa namna gani?

3. Kila sehemu peke yake inasema nini, na miaka iliyopita ilisema nini?

4. Mtoto alipewa msaada ulioandikwa siku ya mtihani?

5. Mbali na mtihani huu, mmetazama nini kingine?

Swali la tano lina nguvu ya sheria. Hairuhusiwi kutumia kipimo kimoja peke yake kuamua kwamba mtoto ana ulemavu. Lazima yatazamwe mambo mengi: kazi zake za darasani, maneno ya walimu, macho na masikio yake, na maneno ya mzazi.

Na kama hukubaliani na uchunguzi wao? Una haki ya kuomba uchunguzi mwingine, wa mtaalamu asiye wa shule hiyo, kwa gharama ya Serikali. Shule ama itakubali, ama itakwenda mbele ya msikilizaji wa mashauri kuonyesha kwamba uchunguzi wake ulikuwa sawa. Sema kwa adabu, lakini sema: "Nashukuru kwa kazi yenu. Sikubaliani na matokeo haya. Naomba uchunguzi mwingine." Kumheshimu mwalimu ni jambo jema, nasi tumelelewa hivyo. Lakini kunyamaza si heshima ikiwa wewe ndiwe pekee katika chumba kile unayemjua mtoto tangu alipotambaa.

MAZUNGUMZO YA DARASANI

Mwalimu wa darasa, tafadhali wagawe wanafunzi katika makundi, wajibu maswali haya:

1. Rehema na Bahati wote wamepata 2.6. Ni nani utakayeomba achunguzwe, na kwa nini? Ni nani utakayempa muda?

2. Mtoto ana alama 1.0 katika kusikiliza kila mwaka, na 4.5 katika kusoma. Ungetaka apimwe kiungo gani cha mwili kwanza?

3. Taja jambo moja la lugha yako au malezi yako, mbali na yale tuliyoyataja, ambalo mgeni angeweza kulidhania kuwa ulemavu.

Kazi ya nyumbani: anayo mzazi karatasi ya matokeo ya mtoto wake? Ailete darasani. Afunike kwa kidole ile alama kubwa, asome zile nne ndogo kwanza, kisha awaambie wenzake zinasema nini.